Maendeleo Yanayoendelea: Somo la Ngitili za Shinyanga

Neno "endelevu" limezaliwa na kitenzi kilekile kilichotupa "maendeleo", yaani kuendelea. Kwa hiyo anayesema "maendeleo endelevu" ni kama anasema maendeleo yanayoendelea. Msomaji makini atauliza: kwani kuna maendeleo yasiyoendelea? Mimi nasema yapo, tena mengi, na historia ya Shinyanga inayaonyesha vizuri kuliko hotuba yoyote.

Nchi ya Wasukuma ilikuwa na mapori makubwa. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilisimamia ufyekaji wa mapori hayo ili kumwondoa mbung'o. Hilo lilikuwa jema, maana mbung'o aliua ng'ombe na kuwaletea watu malale. Kisha ikaja pamba, nayo ikadai mashamba mapya. Mifugo ikaongezeka, na miti iliyobaki ikaishia jikoni. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu kutoka kwenye maboma yao ya zamani, wakaacha nyuma malisho waliyoyatunza. Kila hatua kati ya hizo iliitwa maendeleo kwa wakati wake. Mwisho wa yote, Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huo Jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi, uliokuja kusaidiwa na Norway. Mwaka mmoja baadaye, 1987, tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, Waziri Mkuu wa Norway hiyohiyo, ikatoa maana ambayo dunia nzima inaitumia hadi leo: maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya watu wa sasa bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi ya kwao.

Huko Shinyanga, HASHI ilianza na kile ambacho wataalamu hupenda kuanza nacho: vitalu na miche ya miti ya kigeni. Ukame ukaila sehemu kubwa ya miche hiyo. Ndipo masikio yalipogeuzwa kwa wenyeji, na wenyeji walikuwa na neno lao: ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii, majani yanakua, visiki vinachipua. Kiangazi kikikaza, nyasi za kwingine zikiisha, ndipo linafunguliwa, tena kwa vipande, si lote kwa mpigo. Ziko za kaya na ziko za kijiji. Sheria zake zilikuwa zikijadiliwa katika dagashida, baraza la jadi, na sungusungu wakalinda. Ukiingiza ng'ombe kabla ya wakati, unatozwa faini. Kwa maoni yangu hii ndiyo maana ya tume ya Brundtland, ila imeandikwa kwa uzio usioonekana. Mfugaji anayepitisha ng'ombe wake pembeni ya majani mabichi mwezi wa pili anajua fika anamwekea nani.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1986 zilikuwapo takriban hekta 600 za ngitili zilizorekodiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Miti haikuhitaji kupandwa, ilihitaji kuachwa, maana mizizi ilikuwa bado hai chini ya ardhi. Kuni zikasogea karibu na nyumba, dawa za miti shamba na matunda pori yakarudi, asali pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba faida ya ngitili ilifikia dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu, lakini isingekuwa kamili. Ngitili kubwa za kaya ni za wenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi. Asiye na ardhi hana cha kufunga. Anaomba ruhusa ya kuokota kuni au ananunua majani. Na huku watu wanaongezeka, kila kipande kilichofungwa kinatazamwa na kijana anayetafuta pa kulima.

Tunapoinukuu maana ile ya mwaka 1987, mara nyingi tunakomea kwa watakaokuja. Ripoti yenyewe iliendelea kusema kwamba mahitaji ya maskini wa sasa ndiyo yapewe kipaumbele cha kwanza. Sehemu hiyo tunaisahau kirahisi, kwa sababu ni rahisi kumwonea huruma mjukuu ambaye hajazaliwa kuliko kumgawia jirani aliye mlangoni. Ngitili zimethibitisha kwamba ardhi inaweza kurudi. Zitadumu tu kama yule asiye na ng'ombe naye ataona sababu ya kuulinda uzio usioonekana, kwa sababu uzio wa namna hiyo hauwezi kumzuia mtu aliyeachwa nje.