Anayetoa huduma ya kwanza kazini naye ahitaji kinga

MFANYAKAZI anapokatwa na mashine, mwenzake aliyefunzwa kutoa huduma ya kwanza humkimbilia na kumfunga jeraha, mara nyingi kwa mikono mitupu. Ngozi isiyo na jeraha huzuia virusi vilivyo katika damu, lakini ni fundi gani asiye na mchubuko vidoleni?

Wengi huogopa Ukimwi pekee. Hata hivyo, uzoefu wa hospitali waonyesha kwamba anayedungwa na sindano yenye virusi vya Ukimwi huambukizwa mara 3 hivi kati ya 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, hatari hiyo ni asilimia 6 hadi 30 kwa mtu asiyechanjwa. Isitoshe, virusi vya homa hiyo huweza kudumu siku 7 au zaidi katika damu iliyokauka sakafuni.

Chanjo yake ipo, na kwa kawaida hutolewa kwa dozi 3 katika muda wa miezi 6. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka 2001, hivyo waliozaliwa kabla ya hapo huenda hawajaipata. Mwajiri anayewateua wafanyakazi kwa jukumu hili angefaa kuwagharimia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali pa kazi pawe na kisanduku cha huduma ya kwanza kinachofikika kwa urahisi. Glavu zilizofungiwa humo kwa kufuli, ufunguo ukiwa mfukoni mwa meneja aliye likizoni, hazimfai yeyote. Zikikosekana, majeruhi mwenye fahamu aelekezwe kukandamiza jeraha lake mwenyewe kwa kitambaa safi.

Msaidizi akiingiwa na damu kwenye mchubuko, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukamua. Ikimrukia machoni, ayasafishe kwa maji mengi. Kisha aende hospitalini mara moja, kwani dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi humezwa kwa siku 28 na sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Hapa ndipo wengi hukwama. Wengine huona haya kupimwa, wengine hungoja kwanza majibu ya majeruhi, na saa zinayoyoma. Daktari hahitaji majibu hayo ili kuanza tiba. Yakitoka na kuonyesha hakuna virusi, dawa zaweza kusimamishwa.