Kabla ya kufundisha mazoezi, ujue mwili kwanza

VIJANA wanaotaka kuwa walimu wa mazoezi ya viungo katika miji ya Tunduma, Vwawa na Mlowo, mkoani Songwe, hawana budi kutambua kwamba kifua kipana na vyuma vizito si elimu. Anayekabidhiwa mwili wa mtu mwingine anapaswa kujua kilichomo ndani yake, kwa kuwa kosa la mwalimu hulipwa na mwanafunzi, na wakati mwingine hulipwa kwa uhai.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Aidha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na ya kuimarisha misuli angalau siku mbili.

Mifupa na misuli

Mtu mzima ana mifupa 206 na misuli zaidi ya 600. Misuli huvuta tu, haisukumi; ndiyo maana hufanya kazi kwa jozi. Ule wa mbele ya mkono wa juu hukunja kiwiko, na wa nyuma hukinyoosha. Mwalimu anayejenga kifua na kusahau mgongo huacha upande mmoja wa jozi ukiwa dhaifu.

Misuli hushikwa na mifupa kwa kano, ambazo hukomaa polepole kuliko misuli yenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujiona ana nguvu ya kuongeza uzito wakati kano zake bado hazijawa tayari. Uzito uongezwe kidogo kidogo.

Kwa wabeba mizigo wa mpakani, somo la kwanza ni kuinua: mzigo uwe karibu na mwili, magoti yakunjwe, na nguvu itoke kwenye mapaja na makalio badala ya kiuno.

Nguvu hutoka wapi?

Mwili una njia tatu za kupata nishati. Ya kwanza ni akiba iliyomo ndani ya misuli, inayotosha kwa takriban sekunde 10, kama mtu anaporusha gunia juu ya lori. Ya pili huvunja sukari haraka bila kungoja oksijeni, na hutawala katika jitihada kali ya hadi dakika mbili hivi. Ya tatu hutumia oksijeni kuunguza sukari na mafuta kwa saa nyingi. Hiyo ndiyo iliyombeba Alphonce Simbu alipoipa Tanzania ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48. Njia zote hufanya kazi pamoja; kinachobadilika ni ipi inayoongoza.

Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni ndogo kuliko pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Mgeni kutoka Dar es Salaam hutweta mapema, na si haki kumwita mvivu. Apunguziwe kasi kwa siku za mwanzo. Kinyume chake, anayefundisha Kamsamba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ajihadhari zaidi na joto na upungufu wa maji.

Moyo na hatari zake

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kukadiria kiwango cha juu kabisa, toa umri katika 220. Mwenye miaka 40 hupata 180, na zoezi la wastani kwake ni kati ya mapigo 115 na 137. Hata hivyo, hesabu hiyo inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza mapigo. Kipimo rahisi ni mazungumzo: katika zoezi la wastani mtu huweza kuongea, lakini hawezi kuimba.

Wateja wa mji wa mpakani ni pamoja na madereva wanaokaa kwenye usukani kwa siku kadhaa. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, hivyo mwalimu aulize kabla ya kuanza: umepimwa lini, unatumia dawa gani, una kisukari? Mwenye shaka aende kupimwa kwanza. Anayeinua uzito asizuie pumzi, kwani kufanya hivyo hupandisha shinikizo ghafla. Atoe pumzi anapoinua.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi inayokata isivyo kawaida ni amri ya kusimamisha zoezi na kutafuta tiba mara moja. Mwalimu si daktari, na heshima ya kazi yake imo katika kujua mpaka huo. Mwanafunzi anayerudi nyumbani salama ndiye atakayerudi kesho.