Pati Tuu: Watazamaji wa Afrika Mashariki na Filamu za Mwendelezo

Picha za sinema zilipanda bara kwa treni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Tabora, mji uliokuwa njia panda ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ukawa njia panda ya mabehewa. Makopo ya filamu yaliteremshwa stesheni, yakaonyeshwa siku chache, kisha yakaendelea na safari kwenda mji mwingine. Nakala zilikuwa chache, kwa hiyo mtu wa Kitete, mtaa wa Tabora, alisubiri sana picha ambayo mwenzake wa Dar es Salaam alishaisahau. Mara nyingi hadithi ya picha ilitangulia picha yenyewe, imebebwa mdomoni na abiria.

Mtazamaji wa namna hiyo haingii ukumbini mikono mitupu. Anajua nani atapigana na nani, na anataka kuhakikisha kama aliyemsimulia hakumdanganya. Huko ndiko kulikokomaa kanuni za utazamaji ambazo bado zinatajwa mitaani. Filamu ina stering, yaani shujaa, na ina adui. Stering anaweza kupigwa, kutekwa, hata kutupwa mtoni, lakini hafi. Watu humpigia kelele ageuke, humcheka akijikwaa, humshangilia anaponyanyuka. Filamu ya mwendelezo, ile ambayo vijana huiita pati tuu, ilipimwa kwa mizani hiyohiyo: je, stering ni yuleyule, na deni la mara ya kwanza limelipwa? James Bond alibadilishwa sura mara kadhaa na watu wakazoea. Kwa Bruce Lee mambo yalikuwa magumu zaidi. Alifariki Julai 1973, na watengenezaji wa Hong Kong wakajaza soko kwa waigizaji wenye majina ya kukaribiana na lake, akina Bruce Li na Bruce Le.

Mfululizo mkubwa wa vita vya angani, Star Wars wa George Lucas, ulianza Marekani Mei 1977. Sehemu ya pili ilitoka 1980, ya tatu 1983. Kwa Tanzania Bara muda haukuwa mzuri. Vita na Uganda vya 1978 na 1979 viliacha hazina tupu, fedha za kigeni zikawa za kutafuta kwa tochi, na filamu mpya haikuwa mbele ya mafuta na dawa katika foleni ya mahitaji. Televisheni haikuwapo Bara hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Kumbi zilichakaa; baadaye nyingine zikageuzwa maghala, nyingine makanisa.

Upande wa Kenya kulitokea jambo lisilo la kawaida katika historia ya mfululizo huo. Katika sehemu ya tatu, Return of the Jedi, yumo rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb, kiumbe mwenye macho makubwa na mashavu yaliyoning'inia, anayeketi kando ya Lando Calrissian wakati wa shambulio la mwisho. Ben Burtt, fundi wa sauti aliyekuwa akibuni lugha za viumbe wa filamu hizo, alikuwa na mazoea ya kuchota kwenye lugha halisi zisizojulikana sana Marekani. Matamshi ya viumbe wadogo wa jangwani, Wajawa, aliyajenga juu ya Kizulu. Kwa Nien Nunb alimpata Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Jina la Rotich ni la Kikalenjini, lakini maneno mengi aliyoyatia kinywani mwa rubani yule yalikuwa ya Kikuyu, tena Kikuyu fasaha, si mlio wa kubahatisha.

Maneno ya Nien Nunb hayakuwekewa tafsiri chini ya picha. Mtazamaji wa New York au London alitegemea majibu ya Lando kukisia kilichosemwa. Mtazamaji Mkenya aliyejua Kikuyu hakuhitaji msaada huo, na furaha ilikuwa kubwa: kiumbe wa sayari ya mbali anaongea kama jirani, na anachosema kinaeleweka. Kwa miongo mingi mtu wa Afrika Mashariki ndiye aliyekuwa akikaa gizani akisubiri aliyejua Kiingereza au Kihindi amnong'oneze. Safari hii aliyeelewa moja kwa moja ni yeye, na dunia nzima iliyobaki ndiyo iliyosubiri mkalimani. Watengenezaji hawakukusudia hivyo. Waliichagua lugha ile kwa kuwa waliamini watazamaji wao hawaijui.

Tanzania Bara, mkalimani alikuja na deki ya video. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mikanda ya video ilienea, na baada yake vikaja vibanda umiza: banda la mabati au turubai, benchi za mbao, televisheni moja na kiingilio cha sarafu. Hapo ndipo ilipositawi kazi ya kusimulia filamu kwa Kiswahili. Jina lililotajwa kuliko yote ni Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala, mwanajeshi wa zamani ambaye sauti yake ilisikika mpaka miji ya mbali na pwani. Msimulizi wa aina yake hakutafsiri neno kwa neno. Alishusha sauti ya wahusika, akaeleza nani ni nani, akatia utani na methali, akampa Mmarekani tabia za mtu wa uswahilini. Uganda nao walikuwa na wao, kama VJ Jingo, waliosimulia kwa Kiganda. Tabora haikuwa na tatizo la kumwelewa Lufufu, kwani Kiswahili kilikwisha kukaa pale tangu enzi za wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa pwani, karne ya 19.

Kwa filamu ya mwendelezo msimulizi alikuwa wa lazima. Mkanda wa pili uliweza kufika kabla ya wa kwanza, au wa kwanza usifike kabisa, na bila mtu wa kufafanua ugomvi ulioanzia nyuma, benchi zima lingebaki linaulizana.

Kisha filamu za Kitanzania zenyewe zikajifunza ujanja wa sehemu ya pili. Katika miaka ya 2000 Bongo Movie, kwa mfano ulioigwa Nigeria, zilizoea kuuzwa kwa diski mbili, ya kwanza na ya pili, hadithi ikikatwa pale moyo unapodunda. Manung'uniko yalikuwa ya haki: mnunuzi alilipa mara mbili kwa hadithi iliyotosha diski moja, na nusu ya muda ilikwenda kwa magari yanayopaki na watu wanaopanda ngazi.

Star Wars iliporudi mwaka 2015, Rotich alirudi kumpa Nien Nunb sauti, na Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, akawa Maz Kanata. Sehemu iliyofuata, ya 2017, iliwagawa mashabiki duniani. Luke Skywalker, shujaa wa miaka ile ya 1977, alionekana mzee aliyekata tamaa, amejificha kisiwani, na mwishoni akafa. Wengine waliona ni ujasiri wa mwandishi, wengine wakaona wameibiwa. Aliyekulia kibanda umiza angeuelewa ugomvi huo bila kufafanuliwa, maana kanuni iliyovunjwa ni ileile: stering hafi. Miaka miwili baadaye, katika The Rise of Skywalker, chombo alichopanda Nien Nunb kililipuliwa naye akiwa ndani. Yeye hakuwa stering, na kifo chake kilipita haraka kiasi kwamba wengi hawakukiona.