Bandari ya Bagamoyo

Mgeni afikaye Bagamoyo huuliza bandari iko wapi. Mbele yake pana ufuko mpana wa mchanga, na maji yakipwa, majahazi hulala ubavu. Walakini katika karne ya 19 ufuko huo ndio uliopokea misafara itokayo Ujiji na Tabora, pamoja na pembe za ndovu na watumwa waliopelekwa Unguja. Na hao wa mwisho, yafaa isisahauliwe, hawakuja kwa biashara yao.

Wengi huudhani uchache wa maji kuwa kasoro ya bandari hiyo tangu asili. Sivyo. Jahazi liliingia na maji yaliyojaa, likakaa mchangani yalipokupwa, mahamali wakapakua kwa miguu, kisha likaelea tena. Kwa chombo cha namna hiyo kina kirefu kilikuwa na faida gani?

Kasoro ilizaliwa zilipokuja meli za moshi, ambazo zililazimika kutia nanga mbali. Mwaka 1891 Wadachi wakahamisha makao ya utawala wao kwenda Dar es Salaam, penye kina na kinga ya mawimbi. Hata hivyo wapagazi hawakukoma kuja, na forodha mpya ilijengwa Bagamoyo mwaka 1895. Kilichoiua biashara hasa ni reli, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Mzigo uliokuwa ukibebwa mabegani kwa miezi ukapita njia nyingine.

Wavuvi hawakuhama. Hata leo hushusha samaki ufukoni pale, wakiyangoja maji.