Connecticut: Jimbo la Vitu Vidogo

Kwenye ramani nyingi za Marekani, jina la Connecticut huandikwa baharini kisha likavutiwa mstari, maana ndani ya mipaka yake halienei. Kutoka mashariki hadi magharibi ni kilomita 180 hivi, na kutoka kaskazini hadi pwani ni kama 110. Kati ya majimbo 50, ni Rhode Island na Delaware tu yaliyo madogo zaidi. Hata hivyo sensa ya mwaka 2020 ilikuta humo watu 3,605,944, na kwa msongamano wa watu jimbo hili ni la nne nchini.

Mgeni anayetarajia kukuta nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta hushangaa. Zaidi ya nusu ya jimbo ni msitu. Na katikati ya msitu huo, mahali pasipo na nyumba wala njia, zinapita kuta za mawe zilizopangwa kwa mkono bila chokaa, zikipanda vilima na kushuka mabondeni. Hiyo ndiyo mipaka ya mashamba yaliyokufa. Barafu kubwa ya enzi za kale ilipoyeyuka iliacha ardhi imejaa mawe, na kila kipupwe kilipokwisha, baridi ilikuwa imeyasukuma mengine hadi juu. Mkulima alivuna mawe kwanza, mahindi baadaye. Ardhi ya Ohio, upande wa magharibi, ilipofunguliwa kwa walowezi, watu walifunga mizigo kwa maelfu na kuelekea huko kwenye udongo mzuri, na miti ikarudi kuyamiliki mashamba yao.

Waliobaki ilibidi watafute namna nyingine ya kula. Wakaangukia kazi ya kutengeneza vitu vidogo, vyepesi kubebwa, lakini vyenye bei. Katika mji wa Berlin, miaka ya 1740, ndugu wa ukoo wa Pattison waliotoka Ireland walianza kufua vyombo vya bati. Wachuuzi, machinga wa zama zile, walivibeba mgongoni, halafu kwa farasi, halafu kwa mikokoteni, wakaenda navyo hadi majimbo ya Kusini. Vikafuatwa na vifungo, pini, vitana na saa. Wachuuzi hao walijijengea sifa mbaya kiasi kwamba walisingiziwa kuuza kungumanga za mbao. Kama kuna aliyeziuza kweli haijathibitika, lakini mpaka leo Connecticut ina jina la utani la Jimbo la Kungumanga, na wenyewe hawalionei haya.

Saa ndizo zilizobadilisha mambo. Mwaka 1806, fundi Eli Terry alikubali kutengeneza mitambo 4,000 ya saa za mbao kwa muda wa miaka mitatu. Wakati huo fundi hodari alimaliza saa chache tu kwa mwaka, hivyo waliosikia walimcheka. Terry alitumia mwaka wa kwanza mzima kutengeneza mashine zinazoendeshwa kwa nguvu ya maji, zenye kukata magurudumu ya mbao yanayofanana kiasi kwamba lolote lingeweza kuingia kwenye saa yoyote. Kazi ikakamilika. Kabla ya hapo saa ilikuwa mali ya tajiri. Baada yake hata mkulima wa kawaida aliweza kuitundika ukutani.

Kila mji ukajichagulia kazi yake. Waterbury ulishika shaba ya manjano, New Britain makomeo na vifaa vya useremala. Danbury ulishona kofia, na zebaki iliyotumika kuandaa manyoya iliwaacha mafundi wake wakitetemeka mikono maisha yao yote. Hartford ulipata viwili visivyofanana kabisa: bima, na bastola za Samuel Colt, ambaye mwaka 1855 alikamilisha kiwanda chenye kuba la buluu lililopambwa kwa nyota.

Lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki, sehemu isiyofaa kupitwa haraka ni bonde la chini la mto Connecticut, kwenye vijiji viwili vinavyopakana: Deep River na Ivoryton. Humo ndimo sehemu kubwa ya pembe za ndovu zilizoingia Marekani zilipokatwakatwa.

Ilianza na vitana. Mwishoni mwa karne ya 18, Phineas Pratt alibuni mashine ya kuchonga meno ya kitana kutoka kwenye pembe. Baadaye piano ikawa fahari ya kila sebule ya Marekani, na vibonyezo vyake vyeupe vikahitaji pembe nyingi kuliko vitana vilivyowahi kuhitaji. Kampuni mbili zikatawala: Pratt, Read ya Deep River na Comstock, Cheney ya Ivoryton. George Cheney hakujifunza biashara hiyo mezani. Kabla ya kujiunga na Comstock aliishi Unguja kwa miaka kadhaa akinunua pembe kwenye soko lenyewe.

Pembe zilizofika Unguja zilikuwa zimetoka mbali: ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Ujiji, Tabora, hadi Bagamoyo. Zilikuja mabegani mwa watu. Wengine walikuwa wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi waliokuwa na utaalamu na heshima ya kazi hiyo. Wengine walikuwa watumwa, ambao safari yao haikuwa na ujira wala kurudi.

Kiwandani pembe ilipimwa, ikakatwa vipande, kisha misumeno ikaipasua kuwa vibamba vyembamba kama kadi. Kila kibonyezo cheupe kilihitaji vibamba viwili: kipana cha mbele, pale kidole kinapogusa, na chembamba kilichopita kati ya vibonyezo vyeusi. Rangi ya pembe ni ya maziwa yaliyochacha, na wateja walitaka weupe. Kwa hiyo vibamba vililowekwa kwenye dawa, vikapangwa ndani ya nyumba ndefu za vioo zilizotazama jua, na kuachwa humo kwa wiki kadhaa. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba pembe moja ya ratili 75 ilitosha piano 45.

Kuna jambo hapa ambalo wanahistoria wa jimbo wenyewe hawalikwepi. George Read, mmoja wa waanzilishi wa biashara hiyo, alikuwa mpinzani mkali wa utumwa. Mwaka 1828 kijana mtoro kutoka Kusini, Daniel Fisher, alifika Deep River; Read akamficha na kumpa kazi, naye akajiita William Winters na kuishi hapo kwa miaka mingi. Barabara moja mjini imepewa jina kwa kumkumbuka Winters. Read hakuwa mnafiki wa makusudi, pengine. Bahari ilikuwa pana, na pembe zilifika bila ya waliozibeba. Mwaka 1931 Ernst Moore, aliyewahi kuwa mnunuzi wa pembe Unguja, alichapisha kitabu kuhusu ukatili wa biashara iliyomlisha. Katikati ya miaka ya 1950 plastiki ikachukua nafasi ya pembe.

Kabla ya haya yote ardhi ilikuwa na wenyewe. Wapuritani, walowezi Wakristo kutoka Uingereza, waliomfuata mchungaji Thomas Hooker hadi Hartford mwaka 1636 hawakukaa hata mwaka kabla ya vita. Mei 1637, majeshi ya wakoloni na washirika wao yalichoma Mystic, kijiji cha kabila la Wapequot, na mamia wakafa kwa moto, wengi wakiwa wanawake na watoto. Mkataba wa mwaka 1638 ulipiga marufuku hata jina la kabila hilo. Jina halikufa. Mwaka 1983 serikali kuu iliwatambua Wapequot wa Mashantucket, na mwaka 1992 walifungua Foxwoods, kasino iliyokuja kuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Kwa miaka mingi hazina ya Connecticut imepokea mgawo wa mapato ya mashine zake za kamari.

Leo jimbo hili limegawanyika katika miji 169, na serikali za kaunti zilifutwa mwaka 1960, hivyo mambo mengi huamuliwa na mji wenyewe: kodi ya majengo, mipango ya ardhi, shule. Greenwich, karibu na New York, ni makao ya mameneja wa fedha za matajiri. Bridgeport, mwendo mfupi kwa treni, ni mji wa viwanda vilivyofungwa. Kwa kawaida mtoto husoma katika mji anaoishi. Mwaka 1989 wazazi wa Hartford na vitongoji vyake walilishtaki jimbo kwa mgawanyo wa rangi na kipato mashuleni, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Connecticut ikawapa haki, ikisema mipaka ya miji ndiyo chanzo kikuu cha utengano. Mipaka haikuguswa. Zilianzishwa shule maalumu zinazopokea wanafunzi kutoka miji mbalimbali kwa bahati nasibu, na makubaliano ya kuimaliza kesi yakapatikana mwaka 2022, miaka 33 tangu ifunguliwe.