Kura za vitongoji vya Goma tangu 1960

Mara nyingi tunasikia neno hili: «Goma kila mtu huchagua ndugu yake tu.» Neno hilo lina sehemu ya ukweli. Lakini padri au katekista akilishika lote bila kulichunguza, atawahubiri Wakristu wake kama watu asiowajua. Basi tufuate habari za kura zenyewe, uchaguzi kwa uchaguzi.

1. Wakaaji wake

Vitongoji vya Goma havikujazwa na ukoo mmoja. Wabeleji waliweka kituo cha serkali kando ya ziwa Kivu, karibu na Gisenyi. Watu wakaja kutafuta kazi na biashara: kutoka Masisi, Rutshuru, Walikale, Lubero, Butembo na Bukavu. Tangu 1993 vita vikaleta wengine wengi. Ndivyo Majengo, Katoyi, Ndosho na Mugunga zilivyojaa nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano. Aliyefika alitafuta kiwanja karibu na watu wa kwao, akasali nao, akakopa kwao. Siku ya uchaguzi hushauriana nao pia. Hilo si la kushangaza.

2. Toka uhuru mpaka chama kimoja

Mwezi wa Mei 1960 walipiga kura wanaume tu. Katika Kivu chama cha CEREA, cha Anicet Kashamura, kilipata viti vingi kuliko vyama vingine, lakini hakikufika nusu. Vijijini neno la machifu lilikuwa na uzito. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alitwaa serkali. Mwaka 1970 alisimama peke yake: karatasi ya kijani ilikuwa ndiyo, nyekundu ilikuwa hapana. Kushika nyekundu kulitaka moyo. Miaka mingi ikapita hivyo, na wengi wakaona kura ni namna ya kumsalimu mkubwa.

3. Karatasi mbili

Tangu Agosti 1998 Goma ulikuwa makao ya RCD. Chama hicho kilikuwa na askari, kodi na ofisi. Kumbe tarehe 30 Julai 2006 kiongozi wake, Azarias Ruberwa, alipata chini ya 2 kwa mia katika Kongo nzima. Na tarehe 29 Oktoba, Kivu Kaskazini ilimpa Joseph Kabila zaidi ya 90 kwa mia mbele ya Jean-Pierre Bemba. Kabila hakuwa mtoto wa Kivu Kaskazini. Watu walimtazamia amalize vita.

Lakini siku ile ya Julai mchagua alishika karatasi mbili. Ya prezidenti aliitoa kwa ajili ya amani. Ya depite, wengi waliitoa kwa mtu wa nyumbani, anayejua lugha yao na shamba lao. Hata Januari 2007, madepite wa provensi walipomchagua Julien Paluku kuwa gavana baada ya Eugène Serufuli, watu walihesabu kwanza nani Mnande, nani Mhutu, nani Mhunde.

Tuone sasa yaliyofuata. Januari 2009 jeshi la Rwanda liliingia Kivu Kaskazini kwa mapatano na Kinshasa. Vital Kamerhe, mkubwa wa Bunge, alilalamika, na mwezi wa Machi akaacha kiti chake. Novemba 2011 Kabila alipoteza katika provensi yetu sehemu kubwa ya kura za 2006. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2012, M23 iliingia Goma. Tarehe 30 Desemba 2018 mtu aliyewekwa na Kabila, Emmanuel Ramazani Shadary, alipata 23,84 kwa mia tu katika inchi nzima.

Wachagua ni wale wale, na koo zao ni zile zile. Kilichogeuka ni tumaini la usalama. Ukoo peke yake hauelezi mageuzi hayo.

4. Wasiohesabiwa

Katika Kongo kadi ya kura ndiyo hutumika kama kitambulisho. Wengi huiandikisha ili wapite kizuizi cha askari, na mtu hupigia kura pale alipoandikwa. Tarehe 20 Desemba 2023 Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Wakati huo wakimbizi wa teritwari hizo walijaa kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, kando ya mji uliopiga kura. Mwisho wa Januari 2025 M23 ikatwaa Goma tena.

5. Kazi yetu

Sheria ya Eklezia, kanuni 287, inatukataza sisi mapadri kuwa watendaji katika vyama vya siasa. Haitukatazi kufundisha. Mwaka 2018 maaskofu wa CENCO walituma watazamaji karibu 40.000, na Januari 2019 wakasema wazi kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na yale waliyoyakusanya. Watazamaji wale walikuwa Wakristu wa paroki zetu.

Basi tusiwakaripie watu kwa ajili ya karatasi ya ndugu. Tuwaulize juu yake yale wanayojiuliza juu ya prezidenti: Depite huyu ametetea usalama wa nani? Amemsemea jirani asiye wa ukoo wake? Na tuwafundishe vijana kusoma karatasi ya matokeo mlangoni pa ofisi ya kura, waiandike, wailinde. Aliye kambini naye tumfundishe, maana siku itakuja atakapopiga kura nyumbani kwake.