Ukuta wa saloni na mkono wa mtoto

Ingieni mu saloni nyingi za hapa Lubumbashi, muangalie ku ukuta. Mutakuta foto ya ndoa, kalendari, pengine diplome ya baba ndani ya kadre, pengine tablo ya mamba muntu. Mchoro wa mtoto hauko. Mtoto ametoka ku masomo na karatasi yake, amechora nyumba, jua na kuku. Mama anasema « ni muzuri », na kesho ile karatasi inawasha mbabula.

Walimu wenzangu banasemaka: kutundika michoro ya watoto mu nyumba ni desturi ya Wazungu, sisi hatuna. Mimi sikubali, maana historia ya kuta zetu inasema mambo mengine.

Mwaka 1926, kule Bukama, kando ya mto Lualaba, mtumishi mmoja wa serkali ya Ubelgiji, Georges Thiry, aliona nyumba za udongo zenye kuchorwa ku kuta. Fundi wake alikuwa Albert Lubaki, mwenye kuchonga pembe za tembo. Thiry alipendezwa, akamupa karatasi na rangi za maji, ili michoro iweze kusafiri. Mke wake Antoinette naye alichora. Mwaka 1929 karatasi hizo zilionyeshwa Bruxelles, na mwaka 2015 watu walizitazama tena Paris, zaidi ya miaka makumi munane nyuma. Na zile kuta za Bukama? Ukuta wa udongo, mvua ikipiga, unaanguka, mwenyewe anajenga mwingine. Kwa hiyo karatasi, ambayo sisi tunaiona kitu kidogo cha kutupa, ndiyo ilibakia.

Kwa nini basi mkono wa mwenye nyumba ulitoka ku ukuta? Mu mji, nyumba ya kambi haikuwa ya mfanyakazi, ilikuwa ya kampuni. Ukuta wa matofali ulipigwa chokaa, na kuuchora kulikuwa kujitafutia maneno. Kuchora kukahamia pengine. Mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua kazi yake ya Hangar hapa Élisabethville. Pilipili, Bela na Mwenze walichora pale, kila mmoja kwa namna yake, Bela kwa vidole bila brosi. Lakini tablo zao nyingi zilienda mu nyumba za Wazungu.

Saloni zetu sisi zilijaa nyuma ya uhuru, zaidi mu miaka ya 1970. Mafundi kama Tshibumba Kanda Matulu, mwenye kuzaliwa 1947, walichora juu ya nguo ya magunia ya unga, wakauza kwa watu wenye mshahara mudogo: mamba muntu, Lumumba, askari anayepiga mfungwa fimbo wakati wa Mbulamatari. Wanunuzi waliita tablo hizo ukumbusho. Neno hilo lina uzito kwetu. Tablo ilikuwa ku ukuta ili mgeni akiiona aulize, na mwenye nyumba apate kueleza mambo yaliyotupata. (Bei, vilevile, ilikuwa ya kubishana mpaka jioni.) Mishahara ilipoanguka, wanunuzi walipungua, na ku kuta nyingi kulibakia paka msumari.

Mutaona kwamba ukumbusho huo wote ulikuwa wa wakubwa. Mtoto hakuwa na nafasi, maana saloni ni pa kuonyesha heshima ya nyumba. Hapa niseme jambo la kwetu.

Mwaka 1990 nilikuwa na miaka kumi na moja. Mdogo wangu, mwenye miaka mitano, alichora treni ku ukuta wa saloni kwa makala, mabehewa marefu kutoka mlango mpaka dirisha. Mzee wetu alikuwa anangojea wageni. Akaniambia: « Pangusa ile buchafu. Bageni bataona nini? » Mama alisema: « Achia ye, ni mutoto. » Nilipangusa kwa kitambaa na maji. Ilibakia alama ya kijivu, kisha tukapiga chokaa.

Surua ilimukamata mwaka 1993. Siku za kilio, watu waliuliza foto ya kuweka juu ya meza. Hatukuwa nayo hata moja. Mzee aliingia saloni, akasimama mbele ya ule ukuta, hakusema kitu. Ku ukuta kulikuwa Lumumba, wa mtoto wetu hakukuwa.

Sasa mimi ni baba. Kwangu tunabandika karatasi za watoto kwa gundi ya unga wa bukari, ya kupika nyepesi. Ina kasoro yake: mende wanaipenda, na wakati wa mvua karatasi inavimba. Mwenye nafasi atumie kadre na kioo. Hatubandike zote, tunachagua moja kwa kila mtoto, nyingine tunatia mu koromeo la sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Jirani mmoja alicheka, akauliza kama saloni yangu imekuwa darasa.

Mzee alikuja kutuamkia mwaka 2019. Mbele ya kukaa, aliona kuku mwekundu pembeni ya kalendari.

— Nani alichora?

Binti yangu alijificha nyuma ya mama yake. Mzee akamuita, akatoa biki mfukoni, akamwambia aandike jina lake chini, na mwaka. Aliandika 2019, ile 9 imegeuka upande.